Jinsi ya kutumia kitenzi "revive" bila kufufua kisichokufa

Maswali ni yale yale kila mara. "Revive" ni kufufua au kuhuisha? Mbona kamusi inasema "fufua" na sentensi inamzungumzia mtu aliyezirai tu? Je, naweza kuandika kwamba nataka "revive" leseni yangu? Wanaouliza ni wanafunzi wa sekondari, wafasiri wanaoanza kazi, waandishi wanaogeuza habari za nje usiku dawati likiwasubiri, na watu wanaojaza fomu za Kiingereza. Mwongozo huu unayajibu kwa hatua, na kila hatua ina sentensi unazoweza kuzijaribu hapo hapo ulipo.

Kabla ya yote shika jambo moja: "revive" haihitaji maiti. Mwingereza hulitumia kwa kitu kilichokufa, kilicholegea, kilichosahaulika, na hata kilichochoka tu. "Fufua" yetu ni nzito kuliko hivyo. Msikilizaji akisikia "amefufuliwa" anaelewa kwamba kifo kilitangulia, isipokuwa pale tunapozungumza kwa mafumbo kuhusu kiwanda au uchumi. Makosa mengi yanayohusu neno hili yanatokana na tofauti hiyo.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha, ya kitabu au ya mtandaoni. Chagua inayoonyesha kama kitenzi kinabeba shamirisho, yaani kinachotendewa, au hakibebi. Nyingi huweka herufi T kwa kinachobeba na I kwa kisichobeba.
- Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Ile ya Kiingereza kwa Kiswahili peke yake haitoshi, kwa sababu hupanga fufua, huisha, zindua na amsha kwenye mstari mmoja kama nguo kwenye kamba, bila kusema ipi inavaliwa wapi.
- Sentensi kamili 10 zenye "revive" ulizozitoa kwenye magazeti au vitabu. Usinakili neno peke yake. Nakili sentensi nzima, na ikiwezekana ile iliyotangulia pia.
- Daftari lenye ukurasa uliogawanywa safu tatu: nani anatenda, nini kilipotea, kitenzi gani cha Kiswahili.
- Muda wa saa moja na nusu hivi kwa mara ya kwanza. Baadaye kila sentensi itakuchukua nusu dakika.

Hatua ya 1: Litamke na uliandike sawasawa

Tamka ri-VAIV. Mkazo uko kwenye silabi ya pili. Mazoea ya Kiswahili ya kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho yatakuvuta useme RI-vaiv, yakatae. Yatakuvuta pia uongeze irabu mwishoni, "rivaivu". Neno linaishia kwenye sauti ya v, meno ya juu yakigusa mdomo wa chini na koo likitetema. Koo lisipotetema utasikika ukisema "rivaif".

Wakati uliopita huandikwa "revived" na hutamkwa ri-VAIVD, silabi mbili tu. Usiseme "rivaivid". Ukiongeza -ing, herufi e ya mwisho inaanguka: "reviving". Kwa nafsi ya tatu umoja, wakati uliopo, ni "revives".

Tahadhari: jirani yake wa karibu kwa sauti ni "revise", ri-VAIZ, yaani kudurusu au kusahihisha. Sauti moja tu inawatenganisha. Mwanafunzi anayeandika "I was reviving for my exams" amesema kitu ambacho Mwingereza hawezi hata kukikisia. Anayejiandaa kwa mtihani ni "revising".

Hatua ya 2: Lifungue uone kilichomo

Nadharia kidogo tu, kwa kuwa itakusaidia kukumbuka. Neno lina vipande viwili vya Kilatini: "re-", yaani tena, na "vivere", yaani kuishi. Liliingia Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 15, likitoka Kifaransa cha kale, "revivre", na Kilatini chenyewe, "revivere". Kwa hiyo maana ya asili ni kuishi tena.

Kutoka "vivere" hiyo hiyo Kiingereza kina "survive", yaani kuendelea kuishi baada ya jambo, na "vivid", yaani wazi na hai machoni. Nyuma zaidi, kwenye mzizi wa kale, ukoo huu unaungana na "quick", neno ambalo leo ni "haraka" lakini zamani lilikuwa "hai". Ndiyo maana maandishi ya zamani ya kidini yana "the quick and the dead", walio hai na wafu.

Kwa kuwa "tena" tayari imo ndani ya "re-", usiandike "revive again" wala "revive back". Utaikuta "revive us again" kwenye Zaburi 85:6 ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, na waumini huiimba hivyo mpaka leo. Hiyo ni lugha ya ibada na ina haki yake mahali pake. Kwenye barua ya kikazi au insha, "again" inakuwa mzigo wa ziada. Itumie pale tu kitu kilipokufa, kikafufuliwa, kikafa tena, kikafufuliwa mara ya pili.

Hatua ya 3: Tafuta anayetenda

Hapa ndipo Kiingereza na Kiswahili vinapoachana. Kiingereza kina umbo moja kwa kazi mbili. Kiswahili hubadilisha mwisho wa kitenzi: fufua na fufuka, zindua na zinduka, amsha na amka, changamsha na changamka, huisha na huika (hili la mwisho utalikuta zaidi kwenye maandiko ya dini).

Chukua fungu la mchicha sokoni saa saba mchana. Majani yamelala, yamelegea kama kitambaa chenye maji. Muuzaji ananyunyizia maji baridi, analifunika fungu na gunia bichi, na baada ya muda majani yanasimama tena. Kwa Kiingereza unaweza kueleza tukio hilo kwa njia mbili:

"Cold water revived the spinach." Maji yanatenda, mchicha unatendewa. Kiswahili: Maji baridi yaliuchangamsha mchicha.

"The spinach revived in cold water." Hakuna anayetajwa kutenda, mchicha umeinuka wenyewe. Kiswahili: Mchicha ulichangamka kwenye maji baridi.

Umbo ni "revived" kote kuwili, na kinachokuonyesha tofauti ni nomino inayofuata. Baada ya "revived" kuna kitu kinachotendewa? Tumia -ua, -sha au mwenzake. Baada yake kuna "in", "after", "when", au nukta? Tumia -uka au -ka.

Kisha kuna kauli ya kutendwa: "The spinach was revived." Hii inamaanisha mtu alifanya kitu, ingawa hatajwi. Ukiandika "was revived" kwa mgonjwa aliyezinduka mwenyewe, umemzulia daktari ambaye hakuwepo.

Tahadhari: waandishi wengi wanaoanza huona "revived" na kuandika "alifufua", kisha wanakwama kutafuta alifufua nini. Ukijikuta unatafuta kisichoandikwa, rudi kwenye hatua hii.

Hatua ya 4: Uliza nini kilipotea

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, usiiruke. Kwenye safu ya pili ya daftari andika kile hasa kilichokuwa kimeondoka kabla ya "revive" kutokea. Ni uhai wenyewe? Fahamu? Nguvu? Hamu? Nafasi katika matumizi ya watu? Jibu ndilo linalochagua kitenzi cha Kiswahili.

Kilichopotea ni fahamu. Mtu amezirai juani, amegongwa kichwa, ameishiwa hewa kidogo. Tumia zindua na zinduka, au "kurudiwa na fahamu". "She fainted but revived a few minutes later": Alizirai lakini akazinduka baada ya dakika chache. Katika mazungumzo ya kawaida Mwingereza mwenyewe angesema "came round" au "came to". "Revived" ina harufu ya maandishi.

Kilicho hatarini ni uhai wa mtu. Hapa uwe makini kuliko popote, kwa sababu kuna familia inayosoma. Habari za ajali huwa na sentensi kama "Attempts to revive him failed." Ukiandika "Majaribio ya kumfufua yalishindikana" umesema alikuwa tayari maiti na watu walikuwa wakitafuta muujiza. Inaumiza, na si kweli. Andika: Juhudi za kuokoa maisha yake ziligonga mwamba. Kama habari inaeleza kazi ya kifua na pumzi, sema "kurejesha mapigo ya moyo" au "kumrudishia pumzi".

Kilichopotea ni uhai kwa maana ya imani. Hapa fufua iko nyumbani kwake. Lakini angalia hata wafasiri wa Biblia walivyopima. Biblia ile ya 1611 ina "revive" katika Zaburi 85:6 na katika Habakuki 3:2. Tafsiri ya Kiswahili ya Union Version imetumia huisha kwenye Zaburi, ambapo watu wanaomba watiwe uhai, na fufua kwenye Habakuki, ambapo kinachoombewa ni kazi ya Bwana. Kitenzi kimoja cha Kiingereza, viwili vya Kiswahili. Ukiona mtu anasisitiza kwamba "revive" lazima iwe na tafsiri moja, mwonyeshe mistari hiyo miwili.

Taasisi, kampuni, kiwanda, mradi. Kama kitu kilisimama kabisa, fufua inafaa na imekwishazoeleka. Shirika la ndege la Uganda Airlines lilifungwa mwaka 2001 na likarudi angani mwaka 2019: "Uganda Airlines was revived in 2019", shirika lilifufuliwa mwaka 2019. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mkataba mpya ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika Julai 2000. "The Community was revived" ni sahihi, na "Jumuiya ilifufuliwa" ni sahihi. Lakini kama kiwanda kinaendelea kufanya kazi, ila kwa kusuasua, "revive" ya Kiingereza bado inaingia wakati fufua inatia chumvi. Andika kuinua, kuimarisha au kukirudishia nguvu.

Uchumi na biashara. "Kufufua uchumi" limekuwa msemo wa kila siku, usipigane nalo. Ila kama chanzo kinaeleza uchumi uliopoa tu, "kuchangamsha uchumi" inasema ukweli zaidi.

Hisia, kumbukumbu, mijadala. Hapa fufua mara nyingi inasikika kama tafsiri. Kiswahili kina vitenzi vyake: kuamsha kumbukumbu, kuamsha upya hamu, kuzusha upya hofu, kuibua upya mjadala, kutia moyo upya. Tofauti moja ni matumaini. "Kufufua matumaini" waandishi wa michezo wameizoea, na msomaji anaipokea bila kushtuka.

Mila, lugha, mitindo. Kiebrania ndicho mfano unaotajwa zaidi duniani: kwa karne nyingi kiliandikwa na kusomwa katika ibada bila kuwa lugha ya nyumbani, kikaanza kurudi midomoni mwa watu mwishoni mwa karne ya 19. Kiingereza husema "Hebrew was revived" ingawa maandishi yake hayakuwahi kukatika. Kwa Kiswahili "kilifufuliwa kama lugha ya mazungumzo" ni sahihi. Ukiacha maneno "kama lugha ya mazungumzo", umeficha nusu ya ukweli.

Mimea, ngozi, nywele, betri. Mmea hunawiri tena au huchipua tena. Tangazo linalosema losheni "revives dull skin" ligeuze kuwa: hurudishia mng'ao ngozi iliyofifia. Betri iliyolala huamshwa.

Mchezo wa kuigiza. "The theatre revived the play" ni kuuonyesha upya mchezo wa zamani kwa waigizaji wapya. Hakuna aliyekufa wala kuzirai. Andika: Ukumbi huo uliurudisha jukwaani mchezo huo.

Hatua ya 5: Lipambanue na ndugu zake

"Resuscitate" ni la hospitali: kazi ya kurudisha pumzi na mapigo ya moyo, na ndilo limo katika ile herufi R ya CPR, huduma ya kwanza ya kukandamiza kifua na kupuliza pumzi. Linataka shamirisho. Wauguzi huweza kulitumia kwa kazi yenyewe, hata kabla ya matokeo kujulikana. "Revive" hutaja matokeo. Kwa hiyo "They revived him but he did not wake up" inajipinga. Kama hakuamka, andika "They tried to revive him".

"Resurrect" ni kufufua hasa, kutoka wafu. "Siku ya Kufufuliwa" kwa Kiingereza ni "the Day of Resurrection", na ufufuo wa Yesu ni "the resurrection". Kuweka "revival" hapo ni kosa kubwa. Kimafumbo hutumika kwa jambo lililozikwa na kusahaulika kabisa, mfano mpango uliowekwa kabatini miaka 20.

"Restore" ni kurudisha kitu katika hali yake ya awali: jengo, mchoro, umeme uliokatika, amani. Jengo la Beit al-Ajaib la Zanzibar, lililoporomoka sehemu Desemba 2020, linahitaji "restore". "Revive" haiingii.

"Renew" ni kuongeza muda: leseni, pasipoti, mkataba, bima.

"Recover" ni kupona. "She recovered from malaria." Usiandike "She revived from malaria".

"Rejuvenate" ni kurudishia ujana, "revitalize" ni kutia nguvu mpya, na huandikwa zaidi kuhusu maeneo ya mji, mashirika na ngozi. "Relive" ni kupitia tena moyoni jambo lililokwisha kutokea: "He relived the accident", ajali ilimrudia akilini kama inatokea upya.

Hatua ya 6: Jifunze nomino zinazoandamana nalo

Usikariri kitenzi peke yake. Kariri jozi, kwa kuwa ndivyo kinavyotembea: "revive interest", "revive hopes", "revive fears", "revive memories", "revive talks", "revive a career", "revive a tradition", "revive the economy". Kwa upande wa visivyobeba shamirisho: "hopes revived", "trade revived", "her spirits revived".

Chukua jozi tatu kwa siku, tunga sentensi moja kwa kila jozi ukitumia jambo la mtaani kwako. Baada ya siku nne utakuwa umezimaliza, na utaanza kuzitambua ukisoma.

Hatua ya 7: Sasa geuka, anza na Kiswahili

Njia ya kurudi ina mashimo yake, na matatu yanawaangusha wengi.

La kwanza ni huisha. Ofisi za Tanzania zinaandika "huisha taarifa zako" na "kuhuisha leseni". Ukifuata kamusi utaandika "revive your information" na "revive my licence". Taarifa zinasasishwa: "update your information". Leseni inaongezwa muda: "renew my licence". Huisha ya ofisini imeacha maana ya uhai na kubeba maana ya kukiweka kitu kiende na wakati. Kwa Kiingereza, "revive" kwa karatasi inasikika kama leseni ilizimia.

La pili ni zindua. Kumzindua aliyezirai ni "revive". Kuzindua mradi, kitabu au kampeni ni "launch". Angalia kinachozinduliwa: kina pumzi au hakina?

La tatu ni kufufua kesi. Polisi wanapolirudia faili la zamani, Kiingereza husema "reopen the case". "Revive" ipo katika sheria, lakini kwa mambo maalumu kama wosia uliofutwa kisha ukarudishiwa nguvu ya kisheria. Kama wewe si mwanasheria, tumia "reopen".

Hatua ya 8: Nomino yake

Nomino ni "revival", ri-VAI-vl. Hakuna "revivement" wala "revivation". Huandamana na "of": "a revival of interest in taarab". Kitu huweza "enjoy a revival", yaani kupendwa tena.

Kwenye mambo ya kanisa usiitafsiri kwa ufufuo. Harakati iliyoanzia Gahini, Rwanda, ikashika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, kwa Kiingereza huitwa "the East African Revival". Waswahili wameiita Uamsho, na Uganda wafuasi wake wakaitwa Balokole, waliookoka. Basi "revival meeting" ni mkutano wa uamsho. Jina hilo lilichaguliwa na walioishi ndani ya jambo lenyewe, na halina haja ya kubadilishwa na mfasiri.

Hatua ya 9: Jipime

Funika majibu, andika yako kwanza.

1. "The rains revived the pasture."
2. "The old man fainted in the queue but revived when they fanned him."
3. "The report revived fears of a shortage."
4. Amehuisha leseni yake ya biashara jana.
5. Waziri alizindua mradi wa maji.
6. Picha zile ziliamsha kumbukumbu za utotoni.

Majibu: (1) Mvua ilistawisha tena malisho. (2) Mzee alizirai kwenye foleni, akazinduka walipompepea. (3) Ripoti hiyo ilizusha upya hofu ya uhaba. (4) "She renewed her business licence yesterday", au "He renewed his". (5) "The minister launched the water project." (6) "Those pictures revived childhood memories."

Umekosa la 2? Rudi hatua ya 3. Umekosa la 1 au la 3? Hatua ya 4. La 4 au la 5, hatua ya 7. La 6 ukiandika "woke up memories", rudi hatua ya 6.

Ukikwama

Sentensi ina "revived" mbele ya nomino na haielekei kuwa kitenzi. Ni kivumishi: "a revived interest" ni hamu iliyoamka upya. Igeuze kwa kirejeshi, -lio- au -liyo-, na itakaa vizuri.

Huna uhakika kama kitu kilikufa au kililegea. Soma sentensi iliyotangulia. Maneno kama "collapsed", "closed" na "extinct" yanaonyesha kifo. "Flagging", "struggling", "declining" na "tired" yanaonyesha kulegea. Chanzo kisiposema, tumia kitenzi chepesi, kama kurudishia nguvu. Ukikosea kwa wepesi msomaji hapotei, lakini ukiandika fufua anaweza kuamini kuna msiba.

Mhariri amebadilisha "huisha" yako kuwa "fufua" au kinyume chake. Usimjibu kwa kamusi. Mwonyeshe safu ya pili ya daftari: kilichopotea kilikuwa nini. Mkikubaliana hapo, kitenzi kitajichagua.

Tafsiri ya mashine imeandika "kufufua" kila mahali. Pitia sentensi zenye watu kwanza, hasa za ajali na hospitali, maana huko kosa linaumiza. Kisha za hisia na mijadala. Za viwanda na mashirika zipitie mwisho, nyingi zitakuwa sawa.

Kwenye michezo ya simu kuna kitufe cha "Revive" cha kumsaidia mwenzako aliyeangushwa. Vijana husema "nirivaivu", na wao kwa wao wanaelewana. Ukiandika maelekezo ya mchezo kwa Kiswahili, tazama mchezo unavyofanya kazi: kama mchezaji ameangushwa lakini bado anatambaa, andika "Mwinue". Kama ametolewa kabisa na sasa anarudishwa uwanjani, andika "Mrudishe mchezoni".

Bado unachanganya "revive" na "survive". Andika sentensi moja yenye yote mawili uibandike ukutani: "The goat survived the drought and revived after the first rain." Mbuzi alinusurika na ukame, akarudiwa na nguvu baada ya mvua ya kwanza.